Kozi ya uongozi kwa wanawake ya shilingi 1,850,000: nilichopata na nilichokosa

Nimemaliza kozi ya uongozi kwa wanawake walio kazini, ile ya miezi sita ambayo washiriki hukutana Ijumaa na Jumamosi moja kila mwezi hapa Dar es Salaam. Ada ni shilingi 1,850,000 bila malazi. Mwajiri wangu alilipa nusu, nusu nyingine nimeilipa mwenyewe kwa awamu. Kwa anayetaka jibu la haraka: kipindi cha hesabu na kipindi cha ajira na sheria vinarudisha ada yote. Siku ya kwanza ningeweza kuikosa nisipungukiwe na kitu. Na kuna jambo zito ambalo waandaaji walilipita mbio, wakati baadhi yetu lilikuwa limetukaa kifuani tangu tunajisajili.

Jina la taasisi siliandiki. Kozi za namna hii sasa ni nyingi, kila Machi 8 ikikaribia matangazo yake yanajaa kwenye simu, na nyingi zina ratiba zinazofanana. Nataka haya ninayoyaandika yakusaidie kuipima yoyote utakayoletewa mezani.

Mimi nipo kwenye taasisi ya fedha, upande wa mikopo. Ninasimamia timu ya maofisa mikopo, na ngazi hii ya meneja wa kati nimeikalia muda mrefu. Vijana wa kiume niliowapokea, nikawafundisha kusoma faili la mteja na kutembelea biashara yake kabla ya kusaini, leo wako makao makuu na mimi ndiye ninayewapelekea ripoti. Sina kinyongo nao, ni wachapakazi. Lakini nilikwenda kwenye kozi nikiwa na swali langu: wanaopanda wanapandaje, nani anaamua, na anaamua lini? Kila kipindi nimekipima kwa swali hilo.

Siku ya kwanza yote ilikuwa ya kujiamini. Mkufunzi alikuwa mchangamfu, anajua kuushika ukumbi. Tulisimama, tukaweka mikono kiunoni, tukatanua mabega, tukaambiwa tubaki hivyo dakika mbili kabla ya kikao chochote kikubwa kwa sababu mkao huo hubadilisha homoni mwilini. Utafiti uliosema hivyo ulitoka mwaka 2010. Watafiti wengine waliurudia wakatoa majibu mwaka 2015, wakiwa na watu wengi zaidi, na mabadiliko ya homoni hawakuyaona. Mwaka 2016 mmoja wa walioufanya ule wa kwanza, Dana Carney, alitangaza hadharani kwamba haamini tena matokeo yake. Mtu anayetoza fedha kufundisha jambo ana wajibu wa kujua lilipofikia.

Baadaye tukaambiwa kuwa wanawake hawapandi kwa sababu hawaombi. Hapo nilinyoosha mkono. Wapo wachumi watatu, Benjamin Artz, Amanda Goodall na Andrew Oswald, waliochambua takwimu za maelfu ya wafanyakazi wa Australia, wakachapisha matokeo yao mwaka 2016. Walipowalinganisha wanawake na wanaume wenye kazi na saa za kazi zinazofanana, walikuta wanawake wanaomba nyongeza ya mshahara sawasawa na wanaume. Tofauti ilikuwa kwenye jibu: wanaume walipewa mara 20 katika kila maombi 100, wanawake mara 15. Mkufunzi alishukuru kwa mchango, akaendelea na slaidi yake.

Niliangalia waliokaa ukumbini. Alikuwepo mhandisi anayewasimamia wakandarasi vijijini na kuwakatalia malipo kazi ikiwa mbovu. Alikuwepo mkaguzi wa ndani aliyekwisha kuandika ripoti zilizowaondoa watu kazini. Alikuwepo mfamasia, alikuwepo mwanasheria, na dada mmoja anayeendesha ghala lenye vibarua wengi wa kiume. Hawa kuongea wanajua. Siku nzima ya kuwafundisha kunyanyua sauti ni kuwaambia kwamba kasoro iko kwao. Mhandisi alisema wakati wa chai, "Mimi naongea sana, ndiyo maana naitwa mkorofi." Siku ile ilipaswa kuanzia hapo.

Kwa bahati, mkufunzi wa pili alianzia hapohapo. Ni mama mtu mzima, aliwahi kuwa mkurugenzi wa rasilimali watu, haongei kwa haraka. Aliugawa ukumbi mara mbili akatupa wasifu wa mwombaji wa ukurugenzi. Nusu yetu tulisoma wa Salma, nusu wakasoma wa Salum. Vyeo, vyuo, miaka ya kazi, mafanikio, kila neno lilikuwa lilelile isipokuwa jina. Akatutaka tuandike mambo mawili: huyu anaiweza kazi? Na je, ungependa awe bosi wako? Kwenye uwezo, Salma na Salum walikwenda sambamba. Kwenye swali la pili, Salum alikuwa "anajua anachokitaka" na "ana msimamo". Salma alikuwa "mkali" na "anaonekana ana makuu". Walioyaandika hayo ni wanawake, tena waliolipa fedha zao kujifunza namna ya kupanda.

Ndipo akatueleza asili ya zoezi lenyewe. Mwaka 2003 Frank Flynn wa chuo cha biashara cha Columbia, New York, aliwapa wanafunzi kisa cha kweli cha Heidi Roizen, mwanamke mwekezaji wa Silicon Valley, eneo la kampuni za teknolojia Marekani, na nusu ya darasa akawabadilishia jina likawa Howard. Uwezo waliupa alama sawa, lakini Howard alipendeza kufanya naye kazi kuliko Heidi.

Kilichonifurahisha ni kwamba mama yule hakuishia kwenye kutushangaza. Alitupa utaratibu wa kufuata tukiwa kwenye jopo la usaili: vigezo viandikwe na kusainiwa kabla ya faili la kwanza kufunguliwa, kila mjumbe ajaze alama zake kabla ya mazungumzo kuanza, na mjumbe akisema "huyu mama ni mgumu", mwenyekiti aulize, "Alifanya nini, lini, na mwanaume akifanya hivyohivyo tungemwitaje?" Utaratibu huu nimekwisha kuutumia kwenye usaili wa maofisa mikopo. Mazungumzo yalikuwa mafupi zaidi, na hakuna aliyezungumzia ndoa ya mwombaji.

Sasa nifike kwenye kipindi ambacho kingekuwa peke yake ningelipa na kwenda. Kilikuwa cha hesabu za kampuni na kazi ya bodi, siku mbili kamili, na mwalimu alikuwa mkaguzi wa hesabu mstaafu. Wengi wetu tuliingia tukiwa tumechoka kwa sababu mikutano ya mwisho wa mwezi ilikuwa imetumaliza. Mwalimu hakuleta slaidi. Alileta hesabu halisi, zilizokaguliwa na kuchapishwa, za kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, na taarifa za robo mwaka za benki, zile zinazotoka magazetini na ambazo wengi wetu huzifungia vitumbua. Akasema kila mtu achague moja, atafute sehemu tatu ambazo mkurugenzi mkuu asingependa aulizwe.

Tulianzia nyuma, kwenye maelezo ya ziada, huko ambako maandishi huwa madogo. Alitufundisha kutafuta biashara kati ya kampuni na wakurugenzi wake wenyewe. Alitufundisha kuweka faida ya mwaka kando ya taarifa ya mtiririko wa fedha, kuona kampuni inayojisifu kwa faida huku fedha taslimu zikipungua kwa sababu wateja hawajalipa. Kwa benki, alitutaka tutazame kwanza mikopo chechefu, yaani ile ambayo marejesho yake yamekwama. Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, na ikizidi unauliza ni sekta gani, matawi gani, na ni lini menejimenti iliijulisha bodi. Mimi mikopo ndiyo kazi yangu, lakini mikopo chechefu niliizoea kwa macho ya tawi: nani hajalipa, dhamana iko wapi, tutamfuata lini. Siku ile niliitazama kwa macho ya mtu anayekaa juu na kuuliza kwa nini sera iliruhusu mkopo ule utoke. Ni maswali tofauti kabisa, na hakuna bosi aliyewahi kunifundisha hayo ya pili.

Mfamasia, ambaye asubuhi aliniambia hesabu anaziogopa tangu sekondari, alasiri alikuwa anamwonyesha mwalimu mahali ambapo bidhaa ghalani zilikuwa zimeongezeka kuliko mauzo. Kwenye dawa, alisema, hiyo maana yake zinakaribia kuisha muda. Mwalimu alikubali kwamba yeye asingeliona hilo. Mtu anayeijua kazi yake kutoka chini, akipewa lugha ya hesabu, anakuwa mjumbe wa bodi bora kuliko anayezijua hesabu peke yake.

Kwa nini hili linahusu wanawake kukwama? Mwalimu alilieleza bila kuzunguka. Angalia mkurugenzi mkuu anatokea idara gani. Mara nyingi ni fedha, mikopo, biashara, uendeshaji; idara zinazobeba mapato na hasara. Halafu angalia wanawake waliofika kwenye menejimenti wamewekwa wapi. Mara nyingi ni rasilimali watu, mawasiliano, sheria, huduma kwa wateja. Idara hizo ni muhimu, ila ngazi ya kwenda juu kabisa haijaegemezwa hapo. Alimtaja Ruth Zaipuna, ambaye mwaka 2020 alithibitishwa kuwa afisa mtendaji mkuu wa Benki ya NMB. Kabla ya hapo alikuwa ofisa mkuu wa fedha wa benki hiyohiyo, akakaimu, kisha akathibitishwa. Amepanda kupitia mlango wa fedha. Ukipewa nafasi ya kupanda cheo kwa kuhamia idara isiyogusa mapato, alisema mwalimu, uliza kwanza kutoka pale watu huenda wapi.

Hilo nililikokotoa usiku ule nyumbani. Cheo ambacho niliwahi kushawishiwa nikichukue, cha kusimamia malalamiko ya wateja makao makuu, kilikuwa na ofisi nzuri na mshahara uliozidi kidogo. Kila aliyewahi kukikalia alistaafu akiwa palepale.

Kipindi cha ajira na sheria kilifundishwa na mwanasheria kijana aliyekuja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ikiwa imejaa alama za kalamu. Wengi tulijua likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wachache tulijua kwamba sheria hiyohiyo inampa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, na kwamba ujauzito umetajwa wazi kati ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyatumia kumbagua mtu. Baba, kwa sheria ile, anapewa siku 3. Mwanasheria alituuliza: kama nyumba nzima imepangwa hivyo, bosi anayechagua nani ampe mradi mkubwa atamhesabia nani kuwa na mtoto?

Lakini lililonigusa zaidi ni la tathmini ya utendaji. Meneja anapangiwa malengo ya miezi 12. Anakwenda likizo ya uzazi, anafanya kazi miezi tisa na kidogo, anarudi anapimwa kwa malengo ya miezi 12 yaleyale. Anapata "wastani". Mwaka unaofuata nafasi ya juu inatangazwa, sharti ni tathmini ya "vizuri sana" miaka miwili mfululizo. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemkatalia, na jina lake halikufika hata kwenye orodha ya usaili. Ukumbini mikono ilinyooka mingi kuliko siku zote. Dawa yake ni ya karatasi: kabla ya kwenda likizo, andika barua au baruapepe ukiomba malengo yapunguzwe kwa uwiano wa miezi utakayofanya kazi, bosi ajibu kwa maandishi, nakala iende rasilimali watu. Nimekwisha kuwaeleza maofisa wangu wawili wajawazito, na maombi yote mawili yamesainiwa. Saini ni yangu, hivyo halikuwa gumu. Ugumu ni kwa yule ambaye bosi wake hajawahi kulifikiria.

Alizungumzia pia kukaimu. Wanawake kadhaa pale walikuwa wanakaimu vyeo kwa muda mrefu, wanafanya kazi yote, wanasaini yote, barua ya uthibitisho haiji. Alishauri uombe mambo matatu siku unayopewa barua ya kukaimu: tarehe ya mwisho, posho, na vigezo vya kuthibitishwa. Mkaguzi wa ndani akauliza, na ukipewa idara iliyoungua? Ndipo tukasikia utafiti wa Michelle Ryan na Alex Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2005. Walizitazama kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London wakaona kampuni zilizowateua wanawake kwenye bodi mara nyingi zilikuwa zimefanya vibaya miezi iliyotangulia uteuzi. Mwanamke anaitwa moto ukiwa umeshika. Akishindwa kuuzima, inasemwa tulimpa mwanamke akashindwa. Kukataa si lazima, alisema mwanasheria, ila hali uliyoikuta iandike na iwekwe kwenye kumbukumbu kabla hujakaa kwenye kiti.

Uhamisho ulizua mjadala mkali. Kupanda kwenye taasisi nyingi kunapitia mikoani: uende Kigoma, uende Sumbawanga, uende Mtwara, uwe meneja wa kanda, ndipo urudi. Wengine walisema mwanamke mwenye familia hawezi. Dada wa ghala akasema yeye alikuwa tayari, mume alikuwa tayari, hakuulizwa kamwe, bosi alimwambia baadaye kwamba "tulikuonea huruma, una watoto wadogo." Nilipenda kwamba mwendeshaji hakuufunga mjadala kwa maneno laini. Kazi ya bosi ni kuuliza. Kujibu ni kazi ya mwenye nyumba yake. Na kama taasisi inamlipia mwanaume gharama za kuhamisha familia na kumtafutia mke wake nafasi ya uhamisho, imfanyie na mwanamke hivyohivyo.

Sasa lile jambo zito. Rushwa ya ngono ilipewa chini ya nusu saa, kabla tu ya chakula cha mchana, watu wanatazama mlangoni. Slaidi ilikuwa moja, ikisema "jiheshimu na weka mipaka". Hapana. Hilo ni kosa la jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamshika mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au upendeleo wowote. Kozi inayosema inaondoa vikwazo vya wanawake kufika juu ilipaswa kufundisha ushahidi unatunzwaje, TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, inapokeaje taarifa, nani ndani ya ofisi anapaswa kuambiwa, na ufanye nini kama huyo wa kuambiwa ndiye mwenyewe. Chakula kilipofika, washiriki wawili hawakwenda kula. Walikaa na yule mama wa rasilimali watu pembeni mpaka kipindi kilichofuata. Namshukuru kwa moyo huo, ila haikuwa sehemu ya kozi, ilikuwa utu wake.

Mazingira. Ukumbi ulikuwa kwenye hoteli nzuri Mikocheni, viyoyozi vinafanya kazi, chakula kingi na kitamu. Samaki wa nazi wa Jumamosi nitamkumbuka. Lakini ni kozi ya wanawake, na chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa hakikuwepo. Mshiriki mwenye mtoto wa miezi minne alikamua maziwa chooni, akayahifadhi kwenye barafu aliyoiomba jikoni. Ijumaa tulimaliza saa kumi na mbili jioni, saa ambayo anayekwenda Kimara au Mbezi anajua mwendokasi inavyokuwa. Halafu katikati ya kozi tukatangaziwa sare ya kitenge kwa ajili ya mahafali, shilingi 45,000 pamoja na kushona, "si lazima lakini tupendeze". Wote tulishona. Mahafali yenyewe yalikuwa ya hotuba ndefu, na saa zile ningependa tuzitumie kukutana na wajumbe wa bodi walio kwenye kazi hiyo sasa.

Kila mshiriki alipewa mama mlezi wa kuzungumza naye kila mwezi. Hapa mtu na bahati yake. Wangu alistaafu akiwa mkurugenzi, na mazungumzo ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, kikao cha kuteua mameneja wakuu kwenu kinakaa mwezi gani, na nani analitaja jina lako ukiwa haupo?" La mwezi nililijua. La jina sikuwa na jibu. Alinieleza kwamba watu wa kukushauri utapata wengi, na ushauri ni rahisi kuutoa. Anayehitajika ni yule aliye ndani ya chumba, mwenye cheo, anayekubali kuweka heshima yake juu ya jina lako. Wanaume wengi humpata mtu huyo bila kumtafuta, kwenye nyama choma ya Ijumaa, kwenye mpira, kwenye gofu. Mkufunzi wa siku ya kwanza alitushauri nasi twende huko. Mimi ni Mwislamu, mke wa mtu, na saa moja usiku nina watoto wa kuwasomesha. Baa sitakwenda, na cheo changu kisitegemee kwenda. Mama mlezi alinipa njia nyingine: omba kuwasilisha mada kwenye kamati yenye watu hao, saa za kazi, kwa jambo unalolijua kuliko wao. Niliomba kuwasilisha uchambuzi wa mikopo ya wakulima inavyochelewa kulipwa na ratiba yetu ya marejesho inavyogongana na msimu wa mavuno. Nilipewa nafasi. Tangu hapo naitwa kwenye kamati ya mikopo makao makuu kama mjumbe wa akiba. Washiriki wengine walezi wao hawakupokea simu.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba mabosi wetu hawakuwepo hata saa moja. Kila kilichofundishwa kwa faida, iwe vigezo vya jopo, malengo wakati wa likizo, barua za kukaimu au uhamisho, kinasainiwa na mtu mwingine. Ukimfundisha mwombaji bila kumgusa anayeamua, umefanya nusu ya kazi. Norway, ambako shirikisho la waajiri liitwalo NHO lilianzisha programu ya Female Future ya kuwaandaa wanawake kwa uongozi mwaka 2003, mwaka huohuo bunge lilipitisha sheria ya asilimia 40 ya kila jinsia kwenye bodi za kampuni ambazo hisa zake zinaweza kuuzwa kwa umma, na kufikia 2008 zilipaswa zote ziwe zimetimiza. Bodi zilibadilika. Hata hivyo wachumi waliofuatilia walikuta menejimenti za chini ya bodi hazikubadilika kwa kasi hiyo, maana sheria haikufika huko. Huku chini ndiko tuliko sisi. Programu hiyo ya Norway ina ndugu yake hapa, Mwanamke Kiongozi, inayoendeshwa na Chama cha Waajiri Tanzania. Si hiyo niliyosoma, lakini kuipitisha kwa waajiri wenyewe ni wazo ninaloliunga mkono.

Na tusidhani tatizo liko juu kabisa tu. Ripoti ya kampuni ya ushauri ya McKinsey na shirika la LeanIn ya mwaka 2024 kwa Marekani ilionyesha kwamba kwa kila wanaume 100 waliopandishwa kutoka ngazi ya chini kuwa mameneja kwa mara ya kwanza, wanawake walikuwa 81. Upungufu unaanzia kwenye hatua ya kwanza, na wakurugenzi huchotwa kutoka kwa mameneja. Sisi tuna Rais mwanamke tangu Machi 19, 2021, watoto wangu wa kike hawajui ajabu iko wapi, na bado kwenye kikao cha mameneja wa kanda naweza kuhesabu wanawake bila kunyanyua mkono wa pili.

Maoni haya nimewaandikia waandaaji kabla ya kuyaweka hapa. Wamejibu kwa heshima. Kundi lijalo litakuwa na chumba cha kunyonyeshea, na Ijumaa itaisha saa tisa alasiri. Kipindi cha rushwa ya ngono kitapewa nusu siku na kitafundishwa na mwanasheria. Kuhusu kuwaita mabosi, wamesema waajiri wanasema hawana nafasi.

Kwa hiyo: kama uko ngazi ya ofisa mwandamizi au meneja wa kati, mwajiri anachangia, na hujawahi kufundishwa kusoma hesabu za taasisi nzima, nenda. Kama ada yote inatoka mfukoni mwako na unatafuta kujiamini tu, weka fedha yako. Tafuta taarifa za robo mwaka za kampuni tatu, kaa na mhasibu mnayeelewana, msome pamoja. Kabla ya kulipa, omba ratiba yenye majina ya wakufunzi na kazi walizowahi kufanya. Uliza mama mlezi atapatikana vipi na nani atakubadilishia asipopatikana. Uliza kama kuna mahali pa mtoto. Uliza ni saa ngapi zimetengwa kwa hesabu na ngapi kwa kusimama. Na waombe wamwandikie bosi wako barua ya mwaliko, hata kama ni ya saa mbili, nakala upewe wewe uipeleke mwenyewe ofisini kwake.